Siku Nilipomwibia Baba Umati

Mwanangu ana simu yenye gemu za kisasa, zile ambazo mchezaji akikimbia unaona jasho likimtiririka shingoni. Juzi nilimkuta amezitelekeza zote, anacheza vifaru. Vifaru vyenyewe ni vile vya mraba vya zamani, visivyo na jasho wala shingo, vinavyokwenda juu, chini, kushoto na kulia, basi. Nikamwambia anipishe. Nilikaa na simu yake mpaka chaji ikaisha, na wali ukaungua jikoni. Wali siujutii.

Nasema mapema ili asije mtu akadhani nasimulia kama aliyetubu. Ninachojutia ni kitu kingine, nacho kilitokea Tinde, miaka ya tisini, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ghalani.

Baba yangu alikuwa manju. Kwetu Usukumani manju si mtu wa kuimba harusini kisha apewe soda. Baada ya mavuno, manju wawili hupanga siku, kila mmoja akaleta kundi lake kwenye uwanja uleule, na wote huanza kupiga ngoma kwa wakati mmoja, huyu upande huu, yule upande ule. Hakuna mwamuzi. Watu hujiendea wanakovutiwa, na mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Kundi la baba lilicheza na majembe. Wanaume ishirini waliyarusha hewani na kuyadaka, naye mbele yao akimwimbia mpinzani wake matusi ya kistaarabu. Mpinzani huyo alicheza na chatu. Walikuwa hawajasalimiana tangu sijazaliwa, na kila mmoja aliamini mwenzake amezika dawa ya mvuto chini ya uwanja.

Mwaka huo baba alikuwa na hali mbaya. Alikuwa ameshindwa misimu miwili mfululizo. Akishindwa msimu wa tatu, vijana wa majembe wangehamia kwa mwenye chatu, na manju asiye na kundi ni mzee anayejiimbia tu. Nyumbani tulilijua hilo sote, mpaka kuku.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kwa matokeo ambayo pale nyumbani yalizungumzwa kwa sauti ya chini. Kazi yangu kubwa ilikuwa kutumwa sokoni na kuchelewa kurudi. Nilikuwa nachelewa kwenye kibanda cha gemu.

Kibanda kilikuwa cha mchimbaji mmoja aliyerudi kutoka Mwakitolyo baada ya duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, kumkubali. Watu walitegemea atanunua ng'ombe kama mtu mwenye akili zake. Yeye akanunua jenereta, televisheni isiyo na rangi, na gemu moja yenye pedi mbili. Wazee wakasema machimbo yamemharibu. Mimi nikasema hatimaye Tinde imepata mtu.

Kanda tuliyoipenda ilikuwa hiyohiyo ya vifaru. Chini kabisa ya kioo kuna ndege aliyezungushiwa matofali. Wewe unaendesha kifaru kumlinda. Vifaru vya adui vinashuka kutoka juu. Ndege akipigwa, umekwisha. Hakuna maelezo wala hadithi. Bibi yangu angeielewa kabla hajamaliza kuvuta ugoro. Ukifa, unajua kosa ni lako, unajua ni lipi hasa, na kidole kinakuwasha urudi ukalirekebishe. Nimetafuta sababu nyingine ya mambo yale kutozeeka, sijaipata. Maisha yangu ya wakati ule yalijaa makosa, na hakuna aliyenionyesha lilipoanzia hata moja.

Tena Tinde nzima iliamini kwamba raundi zote zikiisha, kuna kitu kinaonyeshwa. Wapo waliosema ni harusi ya mfalme. Mwenye kibanda alisema ni ramani ya dhahabu, maana mchimbaji ni mchimbaji tu. Miezi kadhaa baadaye nilikuja kuzimaliza zote, na gemu ikarudi raundi ya kwanza bila hata kunipa pole. Sikumwambia mtu. Lakini siku ninayoisimulia hakuna aliyelijua hilo, na hakuna aliyewahi kuvuka raundi ya ishirini.

Siku yenyewe ilikuwa ya mashindano ya baba. Nilitoka nyumbani mapema, nimejifunga kanga mpya niliyonunuliwa kwa ajili ya uwanjani. Nikapita kibandani mara moja tu. Ngoma zilikuwa bado hazijaanza, na nilijiambia nikifa naondoka. Tatizo ni kwamba sikufa.

Raundi ya kumi na tano nilianza kusikia ngoma za mwenye chatu upande wa mnadani, kwenye uwanja wa mashindano. Za baba zilichelewa kidogo, kisha nazo zikaanza. Raundi ya ishirini na tatu mwenye kibanda alitoka nje akapiga kelele kwamba leo mwisho unaonekana. Barabarani kulikuwa na watu wanaoelekea uwanjani. Hawakufika. Muda si mrefu wakaja na wale waliokwisha kufika. Walipanda juu ya madebe, wakachungulia kwenye nyufa za mabanzi, na mmoja alinipumulia shingoni pumzi ya pombe ya mtama mpaka raundi ya thelathini. Ngoma moja ikanyamaza, halafu ya pili ikanyamaza. Niliona nafuu, kwa sababu zilikuwa zinanivuruga.

Nilikuwa raundi ya thelathini na mbili wakati umati ulipopasuka katikati. Chatu hahitaji kuomba njia. Aliingia akiwa shingoni mwa bwana wake, na ubavuni mwao aliingia baba na jembe lake, manyoya ya mbuni yamemkaa upande kichwani. Wote wawili walikuwa wameachwa uwanjani na vikongwe na mbuzi. Niligeuka kuwatazama, na ndege wangu akapigwa. Watu waliguna kama wamefiwa.

Baba hakuitazama televisheni. Aliwatazama watu, kama mwenye duka anavyotazama rafu za jirani yake.

"Umezika nini hapa chini?" akamuuliza mwenye kibanda.

"Shikamoo mzee. Sijazika kitu."

"Marahaba. Watu hawaji bure."

"Basi kaa ujaribu mwenyewe."

Baba akakaa. Mwenye chatu, kwa kuogopa kupitwa na jambo, akakaa naye. Chatu alichukua nafasi ya mtu mzima kwenye benchi, na hakuna aliyelalamika. Mimi nilibanwa ukutani, nikiomba baba asikumbuke aliyekuwa amekaa pale ni nani.

Mwenye kibanda aliwapa pedi, akawaelekeza kwa heshima zote. "Wazee wangu, vifaru hivi viwili ni vyenu. Mko upande mmoja. Mnamlinda ndege."

"Upande mmoja na nani?" akauliza mwenye chatu.

"Na huyu mzee hapa."

"Hapana," akasema mwenye chatu.

"Hapana," akasema baba. Lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana katika miaka zaidi ya ishirini.

Baba aligundua kitufe cha risasi, akageuza kifaru, akampiga mwenzake. Gemu ile ina sheria yake: ukimpiga wa upande wako, hafi, anaganda na kumetameta. Mwenye chatu aliganda. Sijawahi kumwona baba na furaha ya namna ile, hata siku niliyofaulu darasa la saba. Mwenzake alipoganduka alilipa palepale. Wakaendelea hivyo, huyu akimgandisha yule, huku vifaru vya adui vikishuka taratibu kama ng'ombe wanaokwenda kunywa maji. Halafu baba akaanza kuimba. Alitunga papo hapo, kuhusu nyoka aliyenunua kifaru na hana miguu ya kukanyagia mafuta, na kibanda kizima kikaitikia. Waliokuwa nje waliitikia bila hata kuona kitu. Mwisho baba mwenyewe alimpiga ndege wetu, kwa ubavuni, akasimama kushangilia akidhani ni kuku wa mwenye chatu.

Walipoambiwa mchezo umekwisha, ukaanza ugomvi wa umati. Mwenye chatu akasema hakuna mshindi, watu wamevutwa na sanduku. Baba akasema sanduku lipo siku zote na watu hawajai namna hii.

"Kabla hatujaingia," akauliza mwenye chatu, "alikuwa anacheza nani?"

Vidole vyote vilinielekea. Mwenye kibanda, ambaye mpaka siku hiyo nilimhesabu rafiki, alinyoosha viwili.

"Mtoto wa nani huyu?" Aliuliza hivyo na ananijua vizuri sana.

Baba aligeuka akanitazama. Niliuangalia mpini wa jembe, nikaanza kupiga hesabu za mlango.

"Wangu," akasema. "Kwa hiyo umati ulikuwa wangu tangu mwanzo."

Walimbeba juujuu mpaka barabarani. Mwenye chatu alisema ni wizi mtupu, lakini alisema peke yake, na kijana mmoja wa kundi lake alikuwa miongoni mwa waliombeba baba. Kundi la majembe lilikuwa limepona.

Jioni tulirudi nyumbani, yeye mbele na jembe begani, mimi nyuma. Alikuwa anapiga mluzi. Nikajua nimenusurika, na kichwa kikaanza kuvimba.

"Tumeshinda, baba."

Aliacha mluzi. Alijibu bila kugeuka, akiniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Kila mwaka, mayu, kabla sijatoa wimbo wa kwanza nakutafuta wewe kwenye watu. Nikikuona ndipo naanza."

Niliona aibu mpaka masikio yakauma, na nilitamani angenichapa kule kibandani mbele ya watu wote, yakaisha.

"Leo vijana waliniuliza tunasubiri nini, wenzetu wameshaanza," akasema. "Nikawaambia nasubiri jua lipungue."