Mwanamke Aliyembeba Neema Kwenye Nguzo za Mawe

Haya sikuhadithiwa, yalinipata mimi mwenyewe. Ukitaka kucheka, cheka, lakini maliza kwanza kusoma.

Ilikuwa 2015. Sisi Warundi wa makanisa ya Louisville, Columbus na Buffalo, huku Marekani, tulikutana Columbus, maana ndiyo katikati yetu. Baada ya ibada tukaenda nje ya mji, kwenye bonde lenye nguzo ndefu za mawe ya mchanga. Ukitazama juu, kilemba kinataka kudondoka.

Mwanangu Neema alikuwa hajaanza kutembea. Nikiwa napakua wali, akaja dada mmoja, akamweka mgongoni na kumfunga kwa kitenge. Kwetu mtu haombi ruhusa kubeba mtoto wa mwenzake, na mama haulizi. Nikashukuru. Watu wa Buffalo tulidhani ni wa Louisville. Kumbe wa Louisville na wa Columbus nao walidhani ni wetu!

Kilichonitia shaka ni mgongo wake. Mwenye mtoto mgongoni huinama kidogo, humpigapiga. Huyu alisimama wima kama zile nguzo. Na wali aliukataa. Nani anakataa wali wa sherehe? Nikamsogelea.

"Dada, kule kambi ya wakimbizi Tanzania mlikaa kanda gani?"

"Hiyo hiyo ya kwenu."

"Ya kwetu ni ipi?"

Akakaza kitenge kifuani. Kisha akaanza kuelekea kwenye ufa kati ya nguzo mbili, bila haraka. Nikapiga kelele, nikamkamata Neema na kuvuta mpaka fundo likafunguka. Niliogopa, jamani, niliogopa! Yule dada hata hakugeuka. Aliingia kwenye ule ufa, na niamini, mkono wangu haukupenya pale. Wanaume walijaribu, wakashindwa.

Nyayo za Neema zilikuwa za baridi, zimejaa mchanga. Mtoto asiyejua kutembea!

Sasa anasoma shule hapa Kenmore, kando ya Buffalo, na Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Lakini kila tukipita mahali barabara ilipopasua mwamba, anapunga mkono. Juzi nilimuuliza anampungia nani.

"Anti," akasema. "Anasema nimekua, naweza kuja mwenyewe."

Basi nawe, watu wa miji mbalimbali wakikutana, uliza mwanamke ni wa wapi kabla hajambeba mwanao. Aibu ya kuuliza ingeniisha jioni ile ile, lakini hofu ya kutouliza haijaniisha. Hadi leo mlango naufunga mimi, na ufunguo nalala nao.