Jina la Utotoni

Chumba cha seva cha hospitali pale Nachingwea ndicho kilikuwa chumba pekee chenye baridi, nami, mtu wa kuja kutoka Mwanza, nikakifanya kwangu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilishinda humo na sweta, nje jua linawaka, diski zinavuma taratibu mpaka nasinzia macho wazi. Ndani ya mashine ile ya mfumo wa Unix tulikuwa tumeingiza kadi za wagonjwa wa wilaya mbili, Nachingwea na Ruangwa, za miaka na miaka. Niliwaza kwamba watu wote wale wamelala humo, wa vijiji vya Kiegei, Malolo, Mbekenyera, na mimi peke yangu ndiye niko macho. Niliipenda kazi ile, sifichi.

Kero ilikuwa uzito wa mashine. Karani wa mapokezi, mtu mzima wa Ruangwa asiye na haraka na lolote, akitafuta kadi moja, kompyuta zote zinasimama. Nikachunguza. Kumbe kila mgonjwa alitafutwa kwa majina mawili, la sasa na la utotoni. La sasa lilikuwa na faharasa, ile orodha inayoipeleka mashine moja kwa moja kwenye kadi. La utotoni halikuwa nayo, kwa hiyo mashine ilizisoma kadi zote, tangu ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Huku watoto wakitoka jandoni au unyagoni wanapewa jina jipya, dada," karani akaniambia. "La zamani halitajwi tena. Ukimwita mtu mzima kwa hilo, umemtukana."

"Sasa kama halitajwi, tunalitafutia nini?"

Akacheka kidogo, akarudi kwenye kiti chake. Ningeweza kulijengea faharasa, lakini diski ilikuwa imejaa na mimi niliona uvivu kuifagia, kufuta mafaili yasiyotumika. Nikaliondoa jina la utotoni kwenye utafutaji. Mashine ikawa nyepesi, ofisi nzima ikanisifu, nikatamba wiki mbili.

Wiki ya tatu, saa nane mchana, aliletwa binti kutoka Mbekenyera. Alikuwa amejifungua siku chache nyuma, homa imempanda hadi hawezi kusema. Muuguzi ameshaandaa sindano, bibi yake binti akamshika muuguzi mkono, akamzuia. Alisema mjukuu wake alipokuwa mdogo aliwahi kuchomwa sindano hapahapa, koo likavimba, nusura afe. Sindano gani? Bibi hakujua. Dawa za kumfaa zilikuwa mbili tu, na mojawapo huenda ndiyo iliyomdhuru. Karani akaandika jina la binti. Mashine ikajibu upesi, kwa kasi ile niliyoitambia: hayupo.

"Kadi yake itakuwa ya udogoni, yenye jina la zamani tu," karani akasema.

Nikamchukua bibi mpaka chumbani kwangu, nikamwomba anitajie jina la utotoni la mjukuu wake. Akatikisa kichwa kukataa. Karani akamweleza kwa Kimwera, kisha, bila kuambiwa, akatoka na kufunga mlango. Bibi akainama sikioni kwangu, akalitaja mara moja tu.

Nikaurudisha utafutaji wa jina la utotoni, nikaliandika. Diski zikaanza kunguruma, kadi moja baada ya nyingine. Muuguzi akaja kusema daktari hawezi kungoja zaidi. "Dakika moja," nikamjibu, wala sikujua kama ni moja au kumi. Nikajiona napita kitanda kwa kitanda katikati ya watu wangu waliolala, namtafuta mmoja, na taa nimezizima mwenyewe. Nilijichukia.

Kadi ikatokea. Mstari wa mwisho ulisema: asipewe penisilini. Nikakimbia koridoni nikilitaja jina la dawa kwa sauti. Muuguzi akaiweka sindano chini. Ilikuwa ndiyo yenyewe.

Jioni ileile niliifagia diski na kuijenga faharasa. Binti akapewa dawa nyingine, akapona. Siku ya kuondoka alikuja kuniaga na mtoto mgongoni, mumewe amebeba vyombo. Bibi akanivuta pembeni.

"Umeshalijua sasa, mwanangu. Usije ukamwita kwa hilo."

Nikamwahidi. Binti akauliza bibi kasema nini, nikamdanganya kwamba ananiaga. Mumewe hakuwa akilijua jina lile. Pale hospitalini, mbali na mwenyewe, tulilijua sisi wawili, bibi aliyelificha miaka yote, na mimi niliyeona halina kazi.