Mtani wa Babu Mzungu

Babu yangu wa Dubai alikuwa Mwingereza, mchekeshaji wa televisheni, na kabla hamjanicheka ngojeni nieleze. Mimi ni Mzaramo. Niliajiriwa kumtunza baada ya kiharusi, nyumbani kwa binti yake, mtaa wa Garhoud. Siku ya kwanza nilimwita "sir", akanuna. Nikamwambia basi, kwetu mzee wa umri wako ni babu, na babu na mjukuu ni watani: ruhusa kusemana, ruhusa kuigana, hakuna kukasirika. Uso ukamchangamka. "Kumbe nyie mnazaliwa na kazi yangu," akasema.

Utani wenyewe uliniponza mapema. Kwetu babu humwita mjukuu mke wangu, na mjukuu naye hujibu. Basi siku moja, mbele ya madam, yaani huyo binti yake, nikasema, "Mume wangu, meza dawa, uzee wako umenichosha." Weee! Madam alinivuta jikoni, nusura nipandishwe ndege siku ileile. Babu alicheka mpaka akapaliwa, akamweleza binti yake mara tatu, lakini wapi. Tangu hapo madam alinitazama kwa jicho la pembe.

Babu alianza uchekeshaji ujanani, mchana kiwandani akifunga biskuti, jioni akichekesha walevi kwenye kumbi za kwao. Halafu televisheni ikamchukua, akaigiza mhudumu wa hoteli ambaye sinia lake halifiki mezani salama. Miaka nenda miaka rudi, sinia hilohilo. Alipojaribu kuigiza mtu mwenye huzuni, watu walicheka hata pale alipolia. Baadaye hawakumwita tena. Mkewe akafariki, kiharusi kikamlegeza upande mmoja, binti akamleta huku. Mwanzoni Waingereza wazee walimtambua dukani na kumwomba awaonyeshe kidogo ule mwendo. Mwishoni hakuna aliyegeuza hata shingo. Nilikuwa nasukuma kiti chake huku roho inaniuma, nataka kuwapigia kelele: nyie, hivi mnamjua huyu?

Ndipo nikamsimulia misiba ya kwetu. Mtani huvaa nguo ya marehemu, akaiga mwendo wake, sauti yake, hata uchoyo wake, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Mtani mwenyewe halii. Akilia ameharibu kazi.

"Mimi watanikalia kimya, wanywe chai," akasema Babu. "Na kimya ndicho kitu nilichokiogopa maisha yangu yote. Niahidi utawachekesha."

"Wallahi, Babu, nitawachekesha."

Alifariki asubuhi moja, namkanda mguu. Mwili ukawa unangoja kusafirishwa kwao, na marafiki wa madam wakaja nyumbani kutoa pole. Kimya kweli, kama alivyosema. Chai nilitakiwa kupeleka mimi. Nikavaa koti lake juu ya sare, nikaingia na sinia kwa mwendo wake: bega moja chini, kiuno kinaomba radhi kwa kila kiti, vikombe vinagongana. "Samahani, bwana, supu yako ameinywa jirani!" Sauti yake kabisa, ungeapa amefufuka.

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alifunika mdomo kwa kiganja. Madam akasimama, uso umemwiva. "Khalas, basi," akasema. "Toka."

Nikatoka. Kufukuzwa sikukuwaza. Kilichoniuma ni Babu, masikini, onyesho lake la mwisho limenifia mikononi. Bado nimevaa lile koti, mlango wa jikoni ukafunguliwa, akaingia madam. Nikasema moyoni, haya, safari imefika.

Akasimama karibu na friji. "Fanya alivyokuwa ananiita," akasema polepole. "Asubuhi, akitaka chai."

Nikapinda mdomo upande kama wake, nikamwita, nikilivuta lile neno lake "binti" mpaka pumzi ikaisha. Kicheko kikamtoka ghafla kama chafya. Akashika meza, akateleza mpaka sakafuni na gauni lake jeusi, anacheka, machozi yanamwagika, anacheka tu.

"Tena," akasema. "Tafadhali, tena."

Nikafungua mdomo. Mtani halii, najua, nimefundishwa tangu mdogo. Lakini sauti ya Babu haikuja. Ilikuja yangu, inalia, na kila nilipoitafuta ile yake sikuipata.