Mashati Kumi na Matatu

Fundi wa cherehani aliyatambua mashati kabla ya sura. Wanaume wanne walisimama mlangoni pake asubuhi, wakidai ushuru wa kizingiti, kodi ambayo hakuna sheria iliyowahi kuitaja. Mifuko ya mashati yao ilikazwa pembeni kwa mshono wa kurudi mara tatu. Mtaa mzima, ni yeye tu aliyeshona hivyo. Mwezi uliopita mteja mmoja mpole alimwagiza mashati kumi na matatu ya kaki, akasema ni ya walinzi. Fundi hakuuliza wanalinda nini. Kazi ni kazi, alijiambia, na hilo ndilo kosa tunalolifanya wengi wetu.

"Kizingiti chako kimekaa bure miaka mingi, mama," mkubwa wao alisema kwa adabu, wenzake wakacheka. "Ijumaa tunarudi. Ama pesa, ama cherehani."

Cherehani hiyo ndiyo iliyokuwa ikimsomesha binti yake. Kesho yake, siku mbili kabla ya Ijumaa, alifunga duka kwa kufuli akaenda ofisi ya serikali inayopokea malalamiko. Benchi lilijaa watu wa mtaani kwake, kimya kama wafiwa. Karani alimwita, akaandika kila neno, akaahidi kwamba hatua zitachukuliwa. Nyuma yake, kwenye msumari, lilining'inia shati la kaki. Fundi akautazama mfuko. Mshono wa kurudi mara tatu.

Alipotoka alimwinamia jirani yake kinyozi, aliyekuwa mwisho wa benchi, akamnong'oneza kwamba hawa ndio walewale.

"Tunajua, dada," kinyozi alijibu bila kuinua macho. "Kwani wewe ulikuja kushtaki? Sisi tumekuja kulipa."

Alirudi mbio. Kufuli lilikuwa vilevile alivyoliacha. Ndani, kichwa cha cherehani hakikuwepo. Zilibaki meza na pedali, na juu ya meza risiti isiyo na muhuri, imeandikwa saa nne na nusu, wakati uleule alipokuwa mbele ya karani. Mke wa kinyozi, aliyekaa ng'ambo ya njia, alisema hakuona mtu. Alisema hivyo mara mbili kabla ya kuulizwa.

Fundi aliketi, akakanyaga pedali. Gurudumu likazunguka bila kushona kitu, mlio ukatoka hadi njiani. Milango ya majirani ikaanza kufungwa mmoja mmoja, na jua bado li utosini. Hakuacha kukanyaga.