Mtumbwi wa Minyoo

Tangu nipate watoto nimekuwa nikinunua dawa ya kuua minyoo. Halafu uzeeni, hapa hapa kijijini kwetu upande wa Mabawe, mke wangu akanitangazia kwamba sasa tutawafuga.

Wazo hilo alilipata kwenye semina ya siku moja. Mfundishaji alikuwa binti wa kilimo, viatu vyeupe, umri wa kitinda mimba wetu, aliyekuja kuwafundisha habari za samadi wanawake waliozaliwa wanaikanyaga. Mke wangu alirudi na kopo la minyoo wekundu na miiko yao: wasipewe ndimu, pilipili, chumvi wala majivu. Nyumba yao isimame kwenye jukwaa, na miguu ya jukwaa ikae ndani ya makopo ya maji, siafu wasipande. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mama mkwe wangu mwenyewe, Mungu amrehemu, hakuwa na masharti mengi kiasi hicho.

Lakini mke wangu hakuwa anatania. Nyuma ya jiko kuna migomba aliyoipanda kwa mkono wake mwaka alioolewa, na siku hizi ilikuwa ikitoa mikungu ya kutia aibu. Nilikuwa nimeshasema naing'oa nipande mahindi. Akaniomba msimu mmoja tu wa mvua, aijaribie mbolea ya minyoo. Nikakubali, kwa sababu nilijua atashindwa.

Akauchukua mtumbwi wa marehemu baba yangu, lile gogo lililochongwa ambamo ndizi mbivu hukanyagwa kwa nyasi kupata juisi ya pombe. Chombo kilicholewesha wazee wa vijiji vitatu kikatobolewa tundu chini, kikapandishwa jukwaani, kikajazwa samadi kuukuu na majani makavu ya migomba, minyoo wakatiwa, kikafunikwa gunia bichi. Kila asubuhi wageni hao walipata maganda yao kabla mimi sijapata chai. Aliyakatakata vipande vidogo, eti hawana meno. Mimi nimebakiwa na meno ya kuhesabu, na hakuna aliyewahi kunikatia nyama.

Mwezi wa pili migomba miwili ya mwanzo kutiwa mbolea hiyo ikaanza kutoa majani mapana, ya kijani kibichi. Nikasema ni mvua.

Kisha dada yake akalazwa Rulenge, naye akaenda kumuuguza. Aliniachia agizo moja tu: nijaze maji kwenye makopo. Sikujaza. Mzee mzima nikanyweshe makopo? Asubuhi ya tatu nikakuta siafu wamepanda mguu wa jukwaa, wanamiminika mtumbwini. Hapo ndipo nilipojiona mwanaume. Kwetu siafu hawana mjadala. Mama yangu aliwafukuza kwa majivu mlangoni, ghalani, hata chini ya kitanda cha mzazi. Nikazoa majivu ya jikoni ndoo mbili, nikamwaga yote mle ndani, nikachanganya kwa koleo. Siafu wakatoweka. Nikakaa barazani nikisubiri kupongezwa.

Aliporudi alifunua gunia, akachimba kwa vidole hadi chini. Minyoo walikuwa wamekauka kama nyuzi. Akanawa mikono taratibu.

"Baba, mahindi yako sasa unaweza kupanda," akasema, akaingia ndani.

Angenitukana ningejua la kumjibu. Siku nne nzima nililiona jembe limeegemea ukuta na nikaona haya kulishika. Siku ya tano nikamwambia twende kwa yule binti, ofisi ya kata. Nikavaa koti na kofia yangu ya harusini.

Binti alipiga goti kidogo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Akauliza wale wa kwanza walipatwa na nini.

"Siafu," nikamjibu haraka. "Walikuja wengi mno."

Akasikitika kweli kweli. Akachukua kopo jingine, akaanza kutuwekea minyoo huku akitukumbusha habari ya maji. Nilidhani limepita.

"Tupe wengi, mwanangu," mke wangu akasema bila kunitazama. "Siafu wa kwangu ndiye huyu hapa mwenye kofia. Anatembea na ndoo ya majivu."