Oili Niliyoipima kwa Kidole

Gari aliloniachia marehemu mume wangu ni la zamani, linataka oili nzito ya injini. Nilikwenda kuinunua mwenyewe Mikindani. Maandishi ya kwenye galoni siyajui, nikachovya kidole kama ninavyopima mafuta ya ufuta, nikachukua iliyonata zaidi, nikaimimina kwenye injini.

Juzi mwanangu Hamisi alikuwa anamkimbiza hospitali mjukuu wangu mjamzito, uchungu umembana, nami nimo garini. Injini ikakoroma, ikazima porini. Nikawaza: Mtoto atazaliwa hapa, afie hapa!

Hamisi akafungua boneti, akanusa. “Mama, hii oili ya giaboksi! Muuzaji kakudanganya!” Akampigia simu, akaweka spika.

“Nilimwambia bibi si ya injini,” muuzaji akajibu. “Akasema nisimfundishe mafuta, yeye kakamua ufuta kabla sijazaliwa.”

Mjukuu wangu akaacha kulia, akanitazama.