Magazeti Ndani ya Viatu

Baba huyu alikuwa mtunza bohari, na hata kwenye bustani ya michezo, alikokuja kupumzika na mkewe na watoto, kalamu haikumtoka sikioni. Kila waliposhuka kwenye bembea moja alilamba kidole, akaikunjua ramani ya bustani, akaweka alama ya vema. "Kumi na moja. Haya, twende, twende!" Watoto hakuwauliza kama wamefurahi, kwani nani huuliza magunia? Mkewe alifuata nyuma na chupa za maji na masweta ya wote, akiutazama ule mgongo ulionyooka kama wa mkaguzi wa gwaride.

Ya kumi na mbili ilikuwa treni inayopinduka angani, na kitindamimba wao alikuwa akiiogopa tangu asubuhi. "Baba, mimi nitawasubiri hapa chini." "Nani kakwambia tumekuja kusubiri?" Akapiga magoti mbele ya binti yake. Mkewe alidhani anambembeleza, kumbe anamshindilia viatuni magazeti aliyoyabeba kutoka nyumbani, ili afikie mstari wa kimo cha wanaoruhusiwa kupanda. Vidole vyake viliikunja ile karatasi kwa upole ambao mkewe hakuwahi kuuona. Getini mtoto aliinama, akavua viatu, akajibandika kwenye ubao wa kupimia akiwa miguu mitupu.

"Hajafika, mzee," mhudumu alisema. "Bado vidole viwili."

Mtoto akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Baba mtu akatazama saa, akalamba kidole, akaikunjua ramani, na ya kumi na mbili nayo akaiwekea alama ya vema.